Blackheath hawakujitoa kwa ajili ya mikono tu

Wengi huamini raga na soka zilitengana kwa sababu wengine walitaka kushika mpira. Hiyo ni nusu ya habari. Blackheath, klabu ya London iliyoanzishwa mwaka 1858, ilikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha soka cha England mwaka 1863. Desemba hiyo kanuni zilifuta kukimbia na mpira mikononi, zikafuta pia kumpiga mpinzani mateke kwenye ugoko. Francis Campbell wa Blackheath alitetea hasa mateke. Aliona kuyaondoa ni kuua ujasiri wa mchezo. Klabu ikajitoa. Cha kushangaza, chama cha raga kilipoundwa mwaka 1871, Blackheath ikiwemo, nacho kiliyapiga marufuku mateke hayohayo. Frederick Stokes, mchezaji wao, ndiye nahodha wa kwanza wa timu ya raga ya England.