Asali na Tende Haziyalindi Meno ya Mwanao Usiku wa Halloween

Asali ni sukari. Tende ni sukari. Sukari guru nayo ni sukari, jina lenyewe linasema. Naanza hivi kwa sababu Oktoba imeingia, na kliniki kwetu wameanza kufika wazazi wenye furaha, simu mkononi, wakinionyesha picha za vitafunwa vya Halloween walivyotengeneza wenyewe: vidonge vya tende vilivyoviringishwa kwenye nazi, kashata za karanga zilizopikwa kwa asali, ubuyu mwekundu uliomwagwa kwenye bakuli ufanane na damu. "Daktari, sisi pipi za dukani hatuli. Hivi ni vya asili." Mtoto anafungua kinywa, na magego mawili ya chini yameshatoboka.

Mimi ni daktari wa meno ya watoto hapa Minnesota, na wengi ninaowatibu ni wa familia zilizotoka Tanzania, Kenya na Kongo. Halloween sina ugomvi nayo. Watoto wanavaa mavazi ya kutisha, wanapita nyumba kwa nyumba jioni ya tarehe 31, wanarudi na mfuko wa pipi. Sherehe ya mara moja kwa mwaka haimwozeshi mtu meno. Kinachoniudhi ni imani kwamba kitu kikitoka jikoni kwako, na kikiwa na asali badala ya sukari nyeupe, basi mtoto anaweza kukitafuna kutwa nzima bila madhara.

Bakteria wanaoishi kwenye utando wa meno hula sukari na kutoa asidi. Asali ni sukari kwa takriban asilimia 80, sehemu kubwa ikiwa fruktosi na glukosi, aina mbili za sukari. Tende kavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari hizo hizo. Mmarekani Robert Stephan alipima jambo hili miaka ya 1940: aliwapa watu maji ya glukosi wasukutue, kisha akafuatilia uchachu kwenye utando wa meno yao. Ndani ya dakika chache pH, kipimo ambacho hushuka uchachu unapozidi, ilianguka chini ya 5.5, na hapo ndipo enameli, tabaka gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini. Kurudi hali ya kawaida kulichukua nusu saa hadi saa nzima. Zingatia kwamba alitumia glukosi, ambayo imejaa kwenye asali yako.

Niwape wapenzi wa asali haki yao, maana ipo kidogo. Sukrosi, yaani sukari ya mezani, ina ubaya wa ziada: bakteria huitumia kutengeneza gundi inayoushikilia utando kwenye jino. Huko Turku, Finland, miaka ya 1972 hadi 1974, watafiti waliwagawa watu makundi matatu, moja likatumia sukari ya kawaida, la pili fruktosi, la tatu zailitoli, kitu kitamu kinachotumika badala ya sukari. Kundi la zailitoli halikupata matundu mapya ila machache sana. La fruktosi lilipata pungufu kuliko la sukari. Pungufu, lakini yalikuwepo. Ukitaka kunitetea asali kwa utafiti huo, nitakubali kwamba ina nafuu fulani, kisha nitakuuliza mtoto anaila mara ngapi kwa siku.

Hilo la mara ngapi ndilo wazazi wananiruka kila siku, na ndilo zito kuliko mengine yote. Jambo hili tulilijua kwa njia ya aibu. Kuanzia mwaka 1947, katika hospitali ya Vipeholm karibu na Lund, Sweden, watu wenye ulemavu mkubwa wa akili walilishwa sukari kwa makusudi ili ionekane meno yao yataozaje. Hawakuombwa ridhaa. Wengine walipewa sukari nyingi mno pamoja na chakula. Wengine walipewa tofi kubwa za kunata, hadi 24 kwa siku, wazile katikati ya milo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954: waliokula sukari nyingi wakati wa mlo walipata matundu machache tu ya ziada, na wale wa tofi za katikati ya milo meno yao yaliharibika vibaya. Hakuna kamati ya maadili leo ingeuruhusu utafiti ule, na mimi siwezi kuutaja bila kuwakumbuka waliolipa kwa meno yao. Wasweden walitoka hapo na desturi ya kuwapa watoto pipi Jumamosi peke yake, na desturi hiyo ipo mpaka leo.

Sasa upeleke ujuzi huo kwenye bakuli lako. Mtoto akila pipi kumi za dukani mara moja baada ya chakula cha jioni, kinywa kinachachuka mara moja, mate yanafanya kazi yake, mambo yanatulia. Mtoto mwingine akipewa vidonge kumi vya tende, kimoja kila anapopita jikoni kuanzia asubuhi, kinywa chake kinashinda kwenye asidi. Huyu wa pili ndiye mama yake anayejisifu kwangu.

Ubuyu ndio unaonitia wasiwasi kuliko vyote, na nasema hivyo kama mtu aliyekua akiununua kwenye vipakiti nje ya geti la shule. Unga wenyewe ni mchachu, umepakwa sukari, na mbegu haitafunwi: mtoto anaiweka shavuni anainyonya kwa muda mrefu, anatema, anachukua nyingine. Asidi na sukari vinakaa kwenye jino lile lile. Kwa meno, huo ni sawa kabisa na pipi ya kijiti. Na wapo wanaojaribu kuivunja mbegu kwa gego lililokwisha kuzibwa. Mtoto wa chini ya miaka minne asipewe kabisa, atapaliwa.

Kashata za asali zina kasoro nyingine. Kashata hushika na kukatika vizuri kwa sababu sukari ya kawaida ikipikwa hukauka na kuwa ngumu. Asali inavuta unyevu, kwa hiyo kashata inabaki laini na kunata, inaganda kwenye mifereji ya magego. Ukitaka kashata, pika ya sukari kama bibi alivyopika, mle vipande viwili mezani, mmalize.

Ila hapa kwenye kunata nina shaka ambayo vitabu vyetu havipendi kuigusa. Tumefundishwa kwamba kinachonata ndicho kibaya zaidi. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliopima chakula kinachobaki kwenye meno baada ya kula, ukalinganisha na vile watu wenyewe walivyodhani kinanata. Havikuendana. Karameli, ambayo kila mtu huiogopa, iliondoka mdomoni mapema kuliko biskuti na chipsi za pakiti, ambazo wanga wake hujishindilia kwenye mifereji na kuvunjwavunjwa kuwa sukari papo hapo. Tangu niusome, sipendi kumwandikia mzazi orodha ya vyakula kuanzia kibaya hadi kizuri, na wenzangu wanaozibandika ukutani nabishana nao. Mtoto anayetembea na pakiti ya biskuti zisizo na utamu wowote anaweza kuwa na meno mabovu kuliko anayekula chokoleti baada ya mlo.

Kwa hiyo jioni ya Halloween mimi hushughulika na mlo kwanza. Mtoto aliyeshiba akirudi na mfuko hauvamii. Hapa saa kumi na moja giza linakaribia na baridi inauma, hivyo unahitaji chakula chepesi kupika, kinachochangamsha. Nunua pilipili hoho kubwa za rangi ya chungwa. Kata kifuniko cha juu, toa mbegu, chonga macho na mdomo kwa kisu kidogo ziwe kama maboga yanayochongwa kwa Halloween. Zijaze pilau iliyobaki jana, au wali uliochanganywa na nyama ya kusaga uliyoikaanga na kitunguu na nyanya. Juu weka jibini, maana jibini huchochea mate na kuleta kalisi, yote mawili yanalisaidia jino. Oveni iwe 375 kwa kipimo cha Marekani, yaani 190 za Selsiasi, dakika 35 hadi 40, mpaka hoho zilegee.

Vitafunwa vya kuchangamsha meza navyo havihitaji asali. Menya chenza, chomeka juu kipande cha seleri, limekuwa boga. Ndizi mbivu ikatwe katikati, isimame, iwekwe punje mbili za chokoleti ziwe macho, imekuwa mzimu. Mbegu za boga mlilochonga zioshe, zikaushe vizuri kwa kitambaa, zipake mafuta na chumvi, oveni 350 (175 za Selsiasi) robo saa hivi huku ukizigeuza. Ndizi ina sukari, ndiyo. Inaliwa mezani, inakwisha, maji yanafuata. Mbegu na bisi ni za walio na miaka minne na zaidi.

Mengine kwa haraka. Asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata ikiwa imeokwa ndani ya keki: inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha misuli, na joto la oveni haliaminiki kuviua. Vitafunwa vya nyumbani viwe vya wanao na wageni unaowafahamu. Mlangoni gawa vilivyofungwa kiwandani, kwa sababu mzazi asiyekujua atavitupa, na kwa sababu mtoto mwenye mzio wa karanga anahitaji kusoma maandishi ya pakiti. Ukiona boga la samawati-kijani kwenye baraza ya mtu, nyumba hiyo inagawa vitu visivyo chakula. Ni desturi iliyoenea tangu 2014, na nzuri.

Usiku, mswaki wenye floridi, madini yanayoimarisha jino, ndio kitu cha mwisho kugusa meno, maana mtu akilala mate hupungua sana. Dawa ya meno iwe kama punje ya mchele kwa wa chini ya miaka mitatu, kama punje ya njegere kwa wa miaka mitatu hadi sita. Wazazi wa Arusha na Moshi mnaiogopa floridi kwa sababu ya meno ya kahawia mliyoyaona nyumbani, na hofu yenu ina msingi: maji ya Bonde la Ufa yana sehemu zenye floridi iliyopita kiasi. Maji ya bomba ya hapa hulengwa miligramu 0.7 kwa lita, chini ya nusu ya ukomo wa 1.5 wa Shirika la Afya Duniani. Acheni kununua maji ya chupa kwa ajili hiyo.

Na yule anayeniambia "ni meno ya utoto, yatang'oka tu": mtoto akifika miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto huota gego jipya. Hakuna jino lililong'oka kulipisha, kwa hiyo wengi hudhani nalo ni la utoto. Ni la ukubwani. Lina mifereji yenye kina kirefu, na ndilo linalokutana na tende ya kwanza. Leo jioni chukua tochi ya simu, mwambie afungue kinywa, uhesabu. Ukiliona, piga simu kliniki yoyote iliyo karibu nawe uulizie kufunika mifereji yake. Hakuna sindano, hakuna kuchimba jino, na mtoto anakula chakula chake siku hiyo hiyo.