Ubia Ukivunjika, Fundi Anabaki kwa Nani?

Malalamiko ya wakandarasi wadogo wa Tanzania kuhusu ubia yanafanana mno. Kampuni mbili zimeungana kuchukua kazi ya barabara, kazi imefika katikati, wabia wamegombana, na mmoja ameondoka na opereta wa greda pamoja na mpimaji. Aliyebaki anakuja kuuliza amshitaki nani kwa "wizi wa wafanyakazi". Fundi si mali ya mtu. Anayelipwa kwa mwezi akishatoa notisi ya siku 28, anaondoka.

Swali lenyewe lilipaswa kuulizwa siku ya kuajiri: barua ya ajira imetolewa na nani? Kuna barua zenye nembo mbili juu na sahihi moja chini. Mshahara unatoka akaunti ya mbia mmoja, na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, haupelekwi na yeyote kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake anapeleka. Mchango huo ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10. Ubia wa makubaliano tu, usio kampuni, hauna nafsi yake kisheria, yaani sheria haiutambui kama mtu anayeweza kuajiri au kudaiwa kwa jina lake. Kusajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hakubadilishi hilo, hata cheti ukikiweka kwenye fremu ukutani. Ndiyo maana madeni humwangukia mbia anayepatikana.

Kwa hiyo hati ya ubia itaje kila fundi muhimu kwa jina, mwajiri wake ni mbia yupi, mshahara unarejeshwaje kutoka akaunti ya mradi, na ubia ukivunjika anabaki kwa nani hadi kazi ikabidhiwe. Fundi naye aoneshwe sehemu inayomhusu; hawezi kufungwa na hati asiyoitia sahihi.

Kumbakiza fundi ni jambo jingine, na hapa waajiri hujidanganya. Kufungia vyeti vyake halisi kabatini hakumzuii kuondoka, kunamwongezea hoja tu. Ukimsomesha, andikeni mkataba wa deni linalopungua: mafunzo ya shilingi 2,400,000 kwa miezi 24 ni 100,000 kila mwezi, hivyo akiondoka baada ya miezi 15 anadaiwa 900,000. Bila maandishi aliyoyakubali, usiguse mshahara wake wa mwisho.

Ukimwachisha wewe kwa sababu mradi umekwisha kabla ya wakati, kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usizidi miaka 10, kwa aliyetumikia mfululizo angalau miezi 12. Anayefanya kazi siku 6 kwa wiki kwa mshahara wa msingi wa 780,000, gawanya kwa 26 upate 30,000 kwa siku. Kwa miaka 4 ni 840,000. Notisi, likizo asiyochukua na cheti cha utumishi ni mbali na hiyo.

Mfanyakazi anayepinga kuachishwa ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Fomu Namba 1 hujazwa, nakala hupelekwa kwanza kwa mlalamikiwa, kisha hufunguliwa CMA pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Aliyechelewa aambatanishe ombi lenye sababu, na "nilikuwa nasubiri wabia wapatane" si sababu ya kutegemea. Kwenye fomu mtaje mwajiri kwa jina kamili. Hapo ndipo barua ya nembo mbili huanza kuwagharimu wote wawili. Ugomvi wa wabia wenyewe ufuate kifungu cha migogoro kilichomo kwenye hati yao. CMA haigawi magreda.