Faili ya meinfremu ikija kwenye PC: maneno ya mtaani na ukweli wenyewe

Wadau wa hapa Mtwara mnaopewa kazi za data za nje, zile zinazotoka kwenye meinfremu za IBM, kompyuta kubwa za mabenki na mashirika, kuna vitu mnaambizana vinaharibu kazi za watu.

Eti vuta kwa FTP, njia ya kuhamisha faili, weka teksti, herufi zitajigeuza zenyewe kutoka EBCDIC, namna meinfremu inavyoandika herufi, kuja ASCII ya PC. Kama faili yote ni maandishi matupu, sawa. Ila faili nyingi za COBOL, lugha ya programu za meinfremu, zina namba zilizobanwa, COMP-3, tarakimu mbili kwenye baiti moja na alama ya chanya au hasi mwishoni, yaani 12345 inakaa 12 34 5C, baiti tatu tu (baiti zote hapa naziandika kwa heksa, namba za msingi wa 16). FTP haijui kama hiyo ni namba, inageuza kila baiti kama herufi, na baiti 25 kwenye jedwali la 037 la herufi za EBCDIC ni alama ya mstari mpya kwa hiyo rekodi inaweza kukatika katikati. Hapo hesabu ya mteja ishaharibika, vuta upya tu.

Wengine wanasema basi weka bainari, umemaliza. Bado! Tuseme ni rekodi za wakulima wa korosho Tandahimba, aliyepeleka mzigo ghalani mara moja ana rekodi fupi, aliyepeleka mara sita ndefu, na mwishoni hakuna enter kama mlivyozoea. Kinachosema rekodi inaishia wapi ni baiti nne za mbele, RDW, na FTP ya kule usipoiambia inazitupa, unapata data imegandana haina mpaka. Kabla ya get, amri ya kuvuta faili, andika quote site rdw. Hii ndiyo watu wengi hawaijui na inaniuma sana, maana ni mstari mmoja tu.

Kuzisoma nako kuna makosa. Urefu uko kwenye baiti mbili za kwanza na unahesabu zile nne pia, 00 54 00 00 ni 84, data yako ni 80. Programu ikisoma kwa mpangilio wa Intel, baiti ndogo kwanza, itakwambia 21504, ukiona namba kubwa hivyo geuza baiti.

Na LRECL, ule urefu wa rekodi unaotajwa kwenye maelezo ya faili, kwa rekodi za urefu tofauti kama hizi sio urefu wa kila rekodi jamani, ni kikomo.

Halafu mwombeni mteja kopibuku mapema, ile ramani ya COBOL inayoonyesha kila sehemu ya rekodi, bila hiyo hamjui wapi ni herufi za kupitisha cp037 ya Python, kigeuzi cha jedwali lile la 037, na wapi ni COMP-3 ya kufungua kwa mkono.