ECG imetoka safi, je mishipa ya moyo nayo iko safi?

Mbukwenyi wana Dodoma. Mimi nafanya kazi chumba cha picha hospitalini, na kila mara napokea mtu anasema "nimekuja kupima moyo", ukimuuliza kipimo kipi anashangaa, kwake moyo ni kipimo kimoja, halafu anatoa karatasi ya ECG ya mwaka jana, "mbona hii iko safi daktari?" Leo tuiongelee hiyo karatasi maana imewapa wengi matumaini hewa.

ECG inasoma umeme wa moyo basi. Itaonesha mapigo yasiyo na mpangilio, au moyo ulioumia. Ila mtu anaweza kuwa na mshipa uliobana zaidi ya nusu na ECG ikatoka nzuri kabisa, kwasababu amelala kitandani katulia na damu inayopita inamtosha, akija kubeba gunia la mtama ndo kifua kinabana. Eko nayo ni mawimbi ya sauti, ndugu yake ultrasaundi ya wajawazito, haina mionzi, inaangalia valvu (vilango vya moyo) na nguvu ya misuli. Kwa watoto ambao valvu zimeharibika baada ya kuugua koo mara kwa mara, eko ndo mpango mzima, lakini mishipa inayolisha moyo wenyewe haikuoneshi vizuri.

Hapo ndo inakuja siti skani ya kalsiamu, picha ya mionzi inayotafuta kalsiamu kwenye mishipa ya moyo. Mnajua birika zetu hapa Dodoma, ukichemsha maji ya kisima miezi kadhaa unakuta ukoko mweupe umeganda ndani? Mafuta yakikaa kwenye ukuta wa mshipa miaka mingi nayo yanashika kalsiamu, na kalsiamu kwenye picha inang'aa kama mfupa. (Hapana, haitokani na maji yetu wala maziwa, naulizwa sana hilo! Inatokana na presha, kisukari, sigara, lehemu yaani kolesteroli, na umri.) Unalala, unabandikwa waya kifuani, unabana pumzi kama sekunde 10, hakuna sindano hakuna dawa, ndani ya robo saa umemaliza. Mionzi ipo ila kidogo, kwahiyo sio kipimo cha kurudia kila mwezi.

Majibu yanakuja kwa namba. Sifuri ni habari njema, 1 mpaka 99 ukoko umeanza, kuanzia 100 daktari wengi wanafikiria dawa ya kushusha lehemu, 400 na kuendelea mzigo ni mkubwa. Ila sifuri sio cheti cha kula kiepe kila siku, mafuta mabichi ambayo hayajashika kalsiamu hayaonekani hapa, hasa kwa kijana mvutaji au mwenye kisukari.

Kinamfaa zaidi mtu wa miaka 40 kwenda juu asiye na dalili yoyote lakini ana presha, au baba yake alianguka ghafla kwa moyo akiwa bado kijana, na daktari wake anasitasita kama amuanzishie dawa au la. Aliyewekewa stenti, kile kibomba cha kupanua mshipa wa moyo, hana haja nacho. Muulize daktari kwanza, na bima pia, usije na nauli toka Mpwapwa ukaambiwa hailipii.

Na kama kifua kinabana sasa hivi, jasho jembamba linakutoka na mkono wa kushoto unauma, usinitafute mimi, wahi dharura, picha zangu zitasubiri.