Jalada si Ushahidi: Dhana Potofu za Wasikilizaji wa Santuri za Jazi

Katika mji wa kale wa Lamu, upande wa Mkomani, ipo nyumba ambayo daka lake hupokea watu wachache kila usiku wa kuamkia Jumamosi. Kila anayekuja huwa amechukua santuri moja, na kanuni yetu ni kwamba aliyeileta ndiye atakayeitetea. Tunasikiliza upande mmoja kwa kimya, kisha ubishi unaanza. Nimekuja kugundua kwamba ubishi huo mara nyingi hauuhusu muziki wenyewe, bali mambo tuliyoyasikia kwa watu, tukayaamini na kuyapitisha kwa wengine bila kuyapima. Naanza na dhana iliyotupotezea karibu mwaka mzima.

Dhana hiyo ilisema kwamba sauti nzito na ya taratibu ndiyo sauti halisi ya santuri, na kwamba CD na simu zinauharakisha muziki. Chanzo chake kilikuwa mashine ya miaka ya 1960 ambayo ami yangu alirudi nayo kutoka Marekani, akaivusha kwa boti kutoka uwanja wa ndege wa Manda akiwa ameipakata kama mtoto mchanga. Alinunua transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 240 hadi volti 120, akaiwasha, nayo ikazunguka vizuri bila mlio wowote wa kutia shaka. Sote tulikubali kwamba saksafoni ya John Coltrane haijawahi kuwa na kifua kipana namna ile. So What ya mpiga tarumbeta Miles Davis, kutoka albamu ya Kind of Blue ambamo Coltrane anapiga, ambayo huchukua dakika 9 na sekunde kadhaa, ilikuwa ikimalizika baada ya dakika 11, na hakuna hata mmoja wetu aliyetazama saa.

Aliyetuzindua ni mpiga udi, mgeni wa usiku mmoja, ambaye alijaribu kuifuatisha santuri akaona kwamba hawezi mpaka alegeze nyuzi zake zote. Ukweli ni kwamba transfoma hubadili volti lakini haibadili masafa ya umeme, yaani idadi ya mara ambazo mkondo wake hurudia mzunguko wake kila sekunde. Umeme wa Marekani una masafa ya hezi 60, wa Kenya hezi 50, na mota za mashine nyingi za zamani hufuata masafa hayo kama mtumwa anavyofuata ngoma. Mashine iliyoundwa kuzungusha santuri mara 33 na thuluthi kwa dakika huko kwao, hapa kwetu huizungusha chini kidogo ya mara 28, na kila noti hushuka kwa kiasi cha nusu toni tatu. Ule mwendo wa heshima tuliokuwa tukiusifu haukuwa wa Coltrane, ulikuwa wa waya za umeme wa mji wetu.

Kupima jambo hili hakuhitaji chombo maalumu. Bandika kipande kidogo cha karatasi kwenye ukingo wa sahani ya mashine, shika saa, hesabu kwa dakika 3: mizunguko inapaswa kuwa 100 kamili. Yetu ilikuwa 83. Kwa mashine inayotumia mkanda, dawa yake ni puli ya mota yenye kipenyo kikubwa zaidi kwa moja ya tano, ambayo fundi wa kukereza vyuma anaweza kuitengeneza, na ndivyo tulivyofanya. Mashine ambazo mota zake zinatumia umeme wa mkondo mmoja (DC), au zinaongozwa na saketi zake zenyewe, hazina ugonjwa huu. Ami yangu amekubali hesabu lakini moyo wake bado haujaridhika. Hudai kwamba tangu puli ibadilishwe, Coltrane amekuwa na haraka isiyomfaa mtu mzima.

Kisa hicho kilizaa dhana nyingine, kwa sababu mmoja wetu alijitetea kwa kusema kwamba toleo la kwanza la santuri halikosei kamwe, na kwamba matoleo yote ya baadaye ni nakala zilizofifia. Alichagua mfano mbaya kuliko yote. Kind of Blue, albamu ile ile iliyotudanganya, ilirekodiwa New York kwa siku mbili za mwaka 1959, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili. Katika kikao cha Machi, mashine ya tepu iliyotumiwa kutengeneza albamu ilikuwa ikienda polepole kuliko inavyotakiwa, na kwa hiyo tepu hiyo ilipopigwa kwa mwendo sahihi, muziki ulitoka ukiwa wa haraka na wa juu kidogo. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zilibaki na kasoro hiyo kwa zaidi ya miaka 30, mpaka ziliposahihishwa katika toleo la mwaka 1992 kwa kutumia tepu ya akiba iliyorekodiwa na mashine nyingine. Anayelipa fedha nyingi kwa toleo la 1959 ananunua kitu cha thamani katika historia, na sina ugomvi naye, ila asituambie kwamba amenunua usahihi.

Kuhusu santuri za gramu 180, zinazodaiwa kuwa na sauti bora kwa sababu ya uzito wake, sina mengi ya kusema. Uzito huifanya santuri isipindike kirahisi, na humpa mnunuzi furaha anapoishika, lakini mifuo, yaani vile vijia vyembamba inamopita sindano, haiwi na kina zaidi kwa sababu plastiki iliyo chini yake ni nene. Ubora wa sauti hutokana na tepu iliyotumika, na mkono wa aliyekata mifuo, na uangalifu wa kiwanda.

Wapo pia wanaoapa kwamba sikio lao hutambua papo hapo santuri iliyopitia hatua yoyote ya kidijitali. Mwaka 2022 ilidhihirika kwamba Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani iliyopendwa na wakusanyaji kwa sifa ya kutumia tepu za asili, ilikuwa imepitisha nyingi ya kazi zake katika hatua ya kidijitali kabla ya kukata santuri. Masikio hayo hayo yalikuwa yamezisifu santuri hizo kwa miaka. Watu walikuwa na haki ya kulalamika kwamba hawakuelezwa ukweli. Ambacho hawangeweza kudai tena ni kwamba sauti yenyewe iliwashitaki wahusika.

Dhana yenye hatari zaidi kwa nyumba za huku kwetu ni ile inayosema kwamba spiriti husafisha santuri zote. Santuri za muda mrefu (LP) za vinili, aina ya plastiki, zilianza kuuzwa na Columbia mwaka 1948. Kabla ya hapo, na kwa miaka kadhaa baadaye, santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilitengenezwa kwa sheliki, utomvu unaotokana na wadudu wadogo, uliochanganywa na unga wa mawe. Katika kundi hilo zimo zile zilizorekodiwa na Siti binti Saad alipokwenda Bombay na wenzake mwaka 1928, na zimo za kina Louis Armstrong na Duke Ellington za miaka ile. Fundi seremala yeyote anayeng'arisha samani anajua kwamba sheliki huyeyushwa kwa spiriti. Nimewahi kushika santuri ya aina hiyo iliyopanguswa kwa spiriti na kijana mwenye nia njema: uso wake ulikuwa umefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na sauti iliyobaki ilikuwa ya mchanga tu. Tumia maji yaliyochemshwa na kukusanywa kutokana na mvuke, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri (wala si asidi yake), pamoja na tone la sabuni laini, na uiweke lebo mbali na unyevu. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai, kwa sababu yakikauka huacha chumvi yake ndani ya mifuo.

Chumvi ya hewani nayo imesingiziwa mengi. Haili vinili; inachokula ni viungo vya waya na vyuma vya mashine, na unyevu unaoandamana nayo huotesha kuvu kwenye majalada. Adui wa vinili ni jua, na safari moja ya kuisahau santuri kwenye boti isiyo na turubai inatosha kuipinda. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe, zenye kuta nene na vyumba vya ndani visivyofikiwa na jua, ni kabati zuri kuliko mengi yanayouzwa, ilimradi santuri zisimame wima na zisilazwe moja juu ya nyingine.

Wengine hupunguza uzito wa sindano wakidhani kwamba wanaihurumia santuri. Sindano iliyo nyepesi mno hurukaruka na kugonga kuta za mfuo, ikaziharibu zaidi kuliko ile iliyowekwa katika kiwango alichoandika mtengenezaji, ambacho kwa sindano nyingi za sasa ni karibu gramu 2.

Iliyobaki inahusu majina. Vijana wanaoanza kukusanya hununua kila santuri yenye neno Jazz, wakarudi na Morogoro Jazz au OK Jazz ya Franco, iliyoanzishwa Kinshasa ya leo mwaka 1956, kisha wakashangaa kusikia rumba na dansi. Katika bendi hizo neno lile lilikuwa alama ya usasa, si jina la mtindo. Kinyume chake, wazee wanaosema kwamba jazi ya Marekani haina chochote chetu hawajaisikia Uhuru Afrika ya Randy Weston, iliyorekodiwa Novemba 1960, ambamo Tuntemeke Sanga wa Tanganyika anatamka maneno kwa Kiswahili.

Wala majina ya watu si ushahidi. Ahmed Abdul-Malik, mpiga besi katika bendi ya mpiga piano Thelonious Monk, aliyeingiza udi katika jazi, alijulikana kwa muda mrefu kuwa na asili ya Sudan, mpaka watafiti walipoonyesha kwamba wazazi wake walitoka visiwa vya Karibi. Udi wake haukupungua utamu kwa hilo.

Kikao kilichopita tulisikiliza Mwandishi ya Herbie Hancock, ya mwaka 1971, ambayo wanamuziki wake walijipa majina ya Kiswahili. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson aliitwa Mganga, naye kweli alikuwa daktari aliyesomea. Mpiga ngoma Billy Hart aliitwa Jabali. Bennie Maupin aliitwa Mwile, na hapo ndipo ami yangu aliposimamisha mashine, akasogeza jalada kwenye taa na kutangaza kwamba wachapaji wamekosea, neno ni mwili. Mpaka saa sita ya usiku upande wa pili ulikuwa haujapigwa.