Je, Wajua Marekani Itakumbukwa kwa Lipi?

Taifa halijichagulii kumbukumbu. Watawala wa Roma walijenga matao ya ushindi ili vita vyao visisahaulike, lakini leo, ukiwaacha wanahistoria, ni nani anayevijua? Kilichotufikia ni herufi hizi unazosoma, na miezi miwili yenye majina ya Julius Caesar na Augustus. Karthago, dola ya kale ya Afrika Kaskazini, ilikuwa na bahati mbaya zaidi: Roma iliiteketeza mwaka 146 KK, na mengi tunayoyajua kuihusu tumesimuliwa na Wagiriki na Warumi, yaani mahasimu wake.

Je, Marekani? Wenyewe wangependa itajwe kwanza Katiba yao ya 1787. Itatajwa, bila shaka, lakini msimulizi wa baadaye hatakosa kuona kwamba chini ya Katiba hiyo hiyo watu waliendelea kumilikiwa kama mali hadi 1865. Sidhani kama atakubali kusimulia jambo moja na kuliacha la pili.

Tena si simulizi tu zinazobaki. Vitu navyo vina ushahidi wake, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Mwezini hakuna upepo wala mvua, kwa hiyo nyayo za Wamarekani 12 waliotembea huko kati ya 1969 na 1972 zinaweza kudumu mamilioni ya miaka. Bendera zao hazina hakika hiyo. Ile ya Apollo 11, safari ya kwanza kuwafikisha watu huko, iliangushwa na mvuke wa injini chombo kilipoondoka, na nyinginezo zimechomwa na jua kali kwa zaidi ya nusu karne. Huenda zote sasa ni vitambaa vyeupe tu. Mbali zaidi kuna chombo cha anga kisicho na watu, Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977 kikiwa na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye salamu kwa lugha 55. (Kiganda kimo, Kizulu kimo, Kiswahili hakimo. Inauma kidogo.)

Huku duniani, alama ya kudumu zaidi huenda ikawa vumbi. Tarehe 16 Julai 1945 Marekani ililipua bomu la kwanza la nyuklia katika jangwa la New Mexico, na kabla mwezi haujaisha tangu siku hiyo, Hiroshima na Nagasaki zilikuwa zimeteketea. Majaribio yaliyofuata, ya Marekani na ya mataifa mengine, yalitawanya plutoni, metali yenye mionzi, ambayo sasa imo kwenye matope ya maziwa na barafu ya ncha za dunia. Aina yake moja huchukua miaka ipatayo 24,000 kupungua nusu tu.

Katika jimbo hilo hilo la New Mexico, Marekani huzika taka za silaha hizo ndani ya tabaka la chumvi, zaidi ya mita 600 chini ya ardhi. Wataalamu waliombwa wabuni onyo litakaloeleweka kwa miaka 10,000, muda mrefu kuliko umri wa maandishi yoyote tuliyo nayo. Wakapendekeza miiba mikubwa ya mawe, michoro ya nyuso zenye hofu, na maandishi kwa lugha saba, Kinavajo (lugha ya wenyeji asilia wa eneo hilo) kikiwemo, pamoja na nafasi tupu ili watakaofika baadaye waongeze lugha yao. Ujumbe wenyewe, ukiondoa mapambo, ni huu: msichimbe hapa.