Hela ya makato: chama cha wafanyakazi kiitumieje?

Kazi yangu ni hesabu za vyama vya wafanyakazi, nashinda na vocha zao, risiti, taarifa za benki, na swali wanachama wananiuliza kuliko yote ni hilo hilo kila mahali, kwamba kila mwezi nakatwa ada ya chama kwenye mshahara, hela inaenda wapi? Ni swali la haki kabisa. Jibu langu ni kwamba hela ya chama inunue kile ambacho mwanachama peke yake hawezi kununua hata akijinyima mwaka mzima. Tisheti anaweza kununua mwenyewe, kofia pia, lakini nguvu ya kumfanya mwajiri akae mezani na asikilize, hiyo mtu mmoja hainunui.

Naanza na mfuko wa mgomo, yaani akiba ya kuwalipa wanachama wakiwa wamegoma na mshahara hauingii, manake ndo unaosahaulika kuliko vyote. Watu wengi wanadhani huo mfuko una kazi siku ya mgomo tu, hapana, kazi yake kubwa unaifanya wakati kila mtu yuko kazini na mkataba wa hali bora, yaani wa mishahara na mazingira ya kazi, unajadiliwa, kwa sababu mwajiri naye anapiga hesabu, anajua watu wake wanaweza kukaa nje muda gani kabla kodi ya nyumba haijawarudisha getini, na akijua ni siku nne basi atasubiri ya tano.

Angalia UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari Marekani. Septemba 2023 mikataba yao na Ford, General Motors na Stellantis iliisha, wanachama walioguswa ni kama 146,000, mfuko wa mgomo ulikuwa na dola milioni 825 hivi na malipo ya mgomaji yalikuwa dola 500 kwa wiki. Wote wakitoka kwa mpigo ni dola milioni 73 kila wiki, mfuko unakauka ndani ya wiki kumi na moja na kidogo. Sasa hawakutoka wote. Walianza na viwanda vitatu, kimoja kwa kila kampuni, watu kama 13,000, yaani dola milioni 6.5 kwa wiki, halafu wakawa wanaongeza sehemu nyingine kila mazungumzo yakisuasua na kampuni hazijui zamu inayofuata ni ya nani. Baada ya wiki kama sita walikuwa na makubaliano na kampuni zote tatu, nyongeza ya jumla ya mshahara asilimia 25 kwa kipindi cha mkataba hadi Aprili 2028. Hata ukichukulia kwamba watu 50,000 walikuwa nje wiki zote sita, na haikuwa hivyo, ni dola milioni 150. Yaani hela nyingi ilibaki kwenye mfuko, na hiyo iliyobaki nayo ilifanya kazi manake kampuni zilikuwa zinaiona.

Najua utaniambia sisi chama chetu ni kidogo, hatuna mamilioni. Sawa, tupige hesabu ndogo. Chama kinakata asilimia 1 ya mshahara na kinaweka moja ya tano ya makato kwenye mfuko wa mgomo, kwa mwaka kila mwanachama anakuwa ameweka asilimia 2.4 ya mshahara wake wa mwezi mmoja. Ukitaka kumlipa kila mtu nusu mshahara kwa mwezi mmoja wa mgomo unahitaji karibu miaka 21. Hapo ndo viongozi wengi wanakata tamaa, wanasema basi hela ikafanye mengine. Lakini mgomo sio lazima utoe kila mtu nje. Kama sheria mnayofanyia kazi inaruhusu, watoke mtu mmoja kati ya kumi, wale ambao wakisimama wao kila kitu kinasimama, wengine waendelee. Baada ya miaka mitano mfuko una asilimia 12 ya mshahara wa mwezi kwa kila kichwa, na hao wachache kwa mwezi wanatumia asilimia 5 tu, kwa hiyo wanaweza kukaa nje miezi miwili na zaidi. Hesabu ni ile ile ya kuweka kidogo kidogo, kilichobadilika ni mpango, na huo mpango inabidi uandikwe kabla, mgomo ukishaanza hakuna mwenye utulivu wa kukaa na kikokotoo. Ujerumani, IG Metall, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma na magari, wanatoza asilimia 1 ya mshahara ghafi na malipo ya mgomo wanayakokotoa kutokana na ada unayolipa na muda uliokaa kwenye chama, kila mtu anajua mapema atapata ngapi.

Hela inayofuata kwa umuhimu, kwangu mimi, ni ya wawakilishi wa wafanyakazi kwenye matawi. Mtu akipewa barua ya kujieleza saa tatu asubuhi hampigii simu katibu mkuu, anamfuata mwenzake wa meza ya pili, na huyo mwenzake kama hajui mkataba unasemaje, siku za kukata rufaa ni ngapi, barua ya utetezi inaandikwaje, basi ada zote za miaka yote hapo hazijasaidia kitu. Kwenye vitabu matumizi haya huwa yanaandikwa "semina" na ndo maana naisoma mistari ya semina kwa makini sana. Unafungua vocha unakuta malazi, posho za siku, usafiri, ukumbi, chai mara mbili, halafu mkufunzi kalipwa chini ya ukumbi, na ukichukua orodha ya waliosaini ukailinganisha na ya mwaka jana majina ni yale yale ya makao makuu. Hiyo hela haijafundisha mtu wa tawi. Mafunzo ya kweli yanafanyika pale kazini au karibu nayo, yanachukua watu wapya, na mwezi unaofuata unayaona kwenye idadi ya malalamiko yaliyomalizwa ngazi ya tawi bila wakili. Wakili ni ghali, kwa hiyo abaki kwa kesi ambazo zikishinda zinabadilisha mambo kwa wote, na mwanachama aliyefukuzwa kwa uonevu asiachwe peke yake, hapo chama kisibane hela.

Kuandikisha wanachama wapya nako kunasahaulika manake waliopo tayari wanaona kama hela yao inatumika kwa watu wasiowajua. Mwaka 1995 John Sweeney alipochaguliwa kuongoza AFL-CIO, shirikisho la vyama Marekani, alivitaka vyama vielekeze asilimia 30 ya bajeti kwenye kuandikisha watu, wengi hawakufika huko. Mwaka ule wanachama walikuwa asilimia 14.9 ya waajiriwa nchini humo, mwaka 2024 wamebaki asilimia 9.9. Sababu ziko nyingi, sheria, viwanda kuhama, sisemi ni bajeti peke yake, ila chama kinachozidi kuwa kidogo kinajadiliana kikiwa dhaifu kila mwaka na hao hao waliopo ndo wanaolipia.

Misaada kama ya ugonjwa na msiba siipingi hata kidogo, vyama vimeanzia huko, mafundi mitambo wa Uingereza waliounda chama chao mwaka 1851 walikuwa wakilipa shilingi moja kwa wiki na wakikosa kazi au wakiugua chama kinawatunza. Ninachosema iwe na mfuko wake. Siasa vile vile, Uingereza sheria ya 1913 ilitaka hela ya siasa ikae kwenye mfuko wake na wanachama wapige kura kwanza kuuanzisha, na mimi naona huo utaratibu ni mzuri kwa chama chochote, sheria iwepo isiwepo. Vikichanganywa kwenye akaunti moja mfuko wa mgomo ndo unaoliwa wa kwanza, manake hauna mtu anayeudai leo.

Sasa hao UAW niliowasifia. Miaka michache kabla ya ule mgomo marais wao wawili wa zamani, Dennis Williams na Gary Jones, walikiri mahakamani kuhusika na wizi wa hela ya chama, mwaka 2021 wakahukumiwa kifungo, ada za wafanyakazi zilikuwa zimeenda kwenye nyumba za kifahari za mapumziko, gofu, sigara za bei mbaya. Na hapo Marekani kuna sheria tangu 1959 inayolazimisha vyama kutoa taarifa ya fedha serikalini, yeyote anaweza kuisoma, lakini walizipitisha kama gharama za mikutano na karatasi ikaonekana safi. Kilichobadilisha hali ni kwamba mwishoni mwa 2021 wanachama walipiga kura ya kuchagua viongozi wa juu wenyewe moja kwa moja badala ya kupitia wajumbe, na uongozi uliopatikana kwa njia hiyo mwaka 2023 ndo uliopanga ule mgomo.

Kwa hiyo mkutano mkuu ukija usiridhike na ripoti ya mkaguzi inayosema hesabu ni sahihi. Sahihi maana yake risiti zipo tu. Omba karatasi moja inayoonyesha katika kila mia uliyokatwa ngapi zimeenda mishahara na posho za viongozi, ngapi mafunzo ya matawi, ngapi kesi, ngapi kuandikisha watu, ngapi zimeingia mfuko wa mgomo na salio lake leo. Mstari wa "mikutano" ufunguliwe, nani alienda, wapi, siku ngapi. Mshahara wa kiongozi upimwe na wa wanachama anaowaongoza. Na mfuko wa mgomo uwe na akaunti yake benki, katiba ya chama iseme hautoki bila kura ya wanachama, hata kwa mkopo wa wiki mbili, kwa sababu kwenye vitabu nilivyopitia ile mikopo ya wiki mbili ndo huwa hairudi.